Mkwe wa Mstari wa Mbele

Mwaka wa hamsini Mtwara ilikuwa imejaa wataalamu. Alikuwapo mtaalamu wa udongo, mtaalamu wa mvua, mtaalamu wa reli, na mtaalamu wa kuwasimamia wataalamu wenzake. Wote walikaa Shangani kwenye upepo mzuri, wakisubiri karanga zimee huko bara. Karanga zenyewe hazikuwa na haraka. Gati lilikuwa linajengwa kwa ajili yake, reli inalazwa kwa ajili yake, hata mabomba ya maji yalikuwa yanachimbiwa kwa ajili yake, na yeyote aliyethubutu kuuliza karanga ziko wapi alionyeshwa ramani.

Miongoni mwa wataalamu hao alikuwamo Mmarekani mmoja, Bwana Hendriki, fundi wa matinga. Matinga yalikuwa yakivunjika meno kwa visiki kila wiki, na yeye aliletwa kuyatengeneza. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakusema fundi. Alisema kwamba kwao alicheza mpira miaka tisa kwa kulipwa mshahara, tena si mpira huu wa kupiga kwa mguu, bali ule wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono na vifua, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku. Kazi yake ilikuwa mstari wa mbele wa kuzuia. Alisimama mbele ya mtu, na kipenga kikilia akamsukuma mtu huyo mpaka amfikie aliyeubeba mpira, akamwangusha. Miaka tisa alifanya hivyo tu. Goti lilipokufa akahamia kwenye matinga, ambayo nayo husukuma.

Chande alikuwa mpagazi wa saruji bandarini, Mmakonde aliyeoa Naliendele. Alikuwa mtu mpole na mpana, anayebeba mfuko wa saruji chini ya kila kwapa huku akimsimulia mwenzake habari za mhogo. Siku moja toroli la vyuma lilikatika kamba mteremkoni, likaja kasi kuelekea kwa vibarua waliokuwa wanakula. Chande aliinuka na bakuli lake mkononi, akalizuia kwa kifua, akalisukuma kando, kisha akaketi kumalizia uji. Bwana Hendriki aliyaona hayo kutoka juu ya tinga. Wenzake wanasema alishuka machozi yakimlengalenga.

Kuanzia siku hiyo Chande aliacha kubeba saruji, akaanza kuendelezwa.

Kuendelezwa kwenyewe kulifanyika alasiri, kwenye uwanja mtupu kati ya Chuno na Ufukoni ambao matinga yaliufyeka kwa ajili ya nyumba ambazo hazikujengwa. Alifundishwa kwanza kuinama: mkono mmoja ardhini, makalio juu, shingo ngumu, macho kwenye mpira. Chande aliona aibu kusimama hivyo mbele ya wanawake waliokuwa wakipita na ndoo zao. Bwana Hendriki alimweleza, kwa kinywa cha karani Omari, kwamba aliye chini ndiye anayemshinda aliye juu. Omari, mtoto wa Mikindani aliyesoma, alilitafsiri hilo kwa uso mkavu, na vibarua walilirudia wiki nzima wakicheka, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuona likitokea.

Kisha likaja jambo la kusukuma. Bwana Hendriki aliunda kitu cha kuburuza kwa boriti za mikoko, bila magurudumu, akakipakia mifuko ya saruji, Chande akikisukuma kwa mabega kutoka ghalani mpaka gatini. Ilianza mifuko minne, ikawa kumi, ikawa kumi na sita. Kwa mwezi mmoja alikuwa amehamisha saruji ya ghala zima. Msimamizi wa ghala aliandika barua ya shukrani, na wapagazi wakakubaliana kwamba huo mchezo wa Kimarekani wameuelewa sasa, ni kubeba mizigo bila kulipwa, wala hawakuona kuna haja ya kuutoa mbali kote huko.

Chakula nacho kiliongezwa. Bwana Hendriki alimpa makopo ya nyama yenye picha ya ng'ombe, na Chande alimpelekea mwalimu wa madrasa aithibitishe ile picha. Mwalimu aliitazama, akasema ng'ombe ni halali lakini huyu kwenye kopo anacheka, na yeye hajawahi kuona ng'ombe akicheka. Makopo yakaliwa na Wakristo kambini. Chande alinenepa kwa ugali wake mwenyewe, na Bwana Hendriki aliandika kwenye daftari kwamba makopo yanafanya kazi vizuri.

Shida ilianza alipowekewa watu. Mbele ya mfuko wa saruji Chande alikuwa hana mfano. Mbele ya mtu, alikuwa muungwana. Aliyewekwa wa kwanza alikuwa Shabani, mvuvi wa Ufukoni. Kipenga kilipolia, Chande alimwomba radhi, akamsukuma kidogo, Shabani akayumba, Chande akamdaka mkono asije akaumia, akampangusa mchanga, akamuuliza hali ya watoto. Wakati huo aliyebeba mpira alikuwa amekwishapita nyuma yao zamani. Ikawa hivyo kwa Athumani, ikawa hivyo kwa Mohamedi. Bwana Hendriki alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Omari alitafsiri kelele zile kwa maneno matatu, kwamba Bwana hajapendezwa.

Hapo ndipo akaja Komba, Mngoni wa Songea, kibarua wa reli. Wamakonde na Wangoni ni watani, na mtani hana staha kwa mtani wake. Hata kabla ya kuinama, Chande alimkumbusha Komba kwamba babu yake alikuja pwani kuiba mbuzi, akarudi kwao bila hata ngao. Komba akamjibu kwamba babu yake Chande mpaka leo yuko mtini kule uwandani, watu wamesahau kumwambia vita viliisha. Kipenga kikalia. Chande alimwingia Komba chini ya kifua, akamnyanyua, akamrudisha hatua tano, akamwangusha juu ya aliyebeba mpira, kisha akawakalia wote wawili akacheka. Komba naye, huko chini, alikuwa anacheka.

Bwana Hendriki alirusha kofia juu. Alitaka kujua kwa nini kwa Komba na si kwa Shabani. Omari alikuwa na njaa na jua lilikuwa linakwenda zake, kwa hiyo hakuingia ndani ya jambo. Alisema tu kwamba Komba ni mtani wake. Mtani ni nini? Ni aina ya udugu, Bwana, udugu wa mila. Bwana Hendriki akaandika kwenye daftari lake kwamba mtu wa huku akiwekwa mbele ya ndugu yake nguvu zinakuwa mara tatu, akapiga mstari chini yake mara mbili. Wataalamu wa Shangani waliliazima kwake daftari hilo, na mmoja wao alishauri jambo hilo lijaribiwe pia kwenye kilimo.

Sasa, Chande hakuwa na haja na mpira wala na Marekani. Alichokuwa nacho ni mke, Saumu, mtoto wa kiume aitwaye Mgeni, na mkwe. Kwa mila ya kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na mwenye kauli juu ya mke ni mjomba wake. Mjomba wa Saumu alikuwa Mzee Isihaka. Kwa miaka mitatu Chande alikuwa anatoka bandarini kwa miguu mpaka Naliendele, akifika anashika jembe na kulima mikorosho ya Mzee Isihaka, na mihogo ya Mzee Isihaka, na kila kilichovunwa kiliingia ghalani kwa Mzee Isihaka. Saumu alikuwa anawapikia wageni wa mjomba wake tangu alfajiri, na wageni wa mzee huyo hawakuwa na desturi ya kwisha.

Pamoja na hayo yote, Chande hakuwa anaujua uso wa Mzee Isihaka. Mkwe hatazamwi. Alizijua nyayo zake, na kidole gumba cha mguu wa kulia kisicho na ukucha, na kikohozi chake. Wakikutana njiani, Chande alitoka njiani, akachutama, akageuza uso kichakani mpaka mzee apite. Kumgusa, hata ukosi wa shati, lilikuwa jambo la kuitiwa wazee. Kijiji cha jirani kijana mmoja alimpamia mjomba wa mkewe kwenye ngoma, kwa bahati mbaya, gizani, na asubuhi alikuwa anaondoka na mkeka wake chini ya kwapa, bila mke.

Mzee Isihaka alikuwa ametuma neno kwa mshenga wake, Mzee Salumu, kwamba mwanamume mwenye nyumba yake anaweza kuja kuzungumza habari za kuhama na mke. Asiye na nyumba alime. Na Bwana Hendriki alikuwa ametoa ahadi. Mgeni mkubwa anakuja kutoka London, mjumbe wa kamati, kuangalia mradi umefikia wapi. Karanga hazionyesheki, basi ataonyeshwa watu. Timu mbili zitacheza mbele yake, na Chande akionyesha kwamba ameendelea, atafanywa dereva wa tinga, na dereva wa tinga anapewa nyumba Chuno, ya matofali, vyumba viwili na jiko nyuma.

Chande alimwambia Saumu, naye akageuza kwanza ugali wa wageni. Kisha akasema, "Baba Mgeni, mimi sijui huo mchezo. Lakini kama ni kusukuma mtu ili nipate jiko langu, msukume."

Wiki moja kabla ya mgeni kufika, Komba alipata habari za msiba, akarudi Songea. Bwana Hendriki hakulala. Mfano wake mzuri alikuwa amebaki bila ndugu wa kumsukuma. Omari naye alikuwa Mikindani kwenye harusi ya dada yake. Basi Bwana Hendriki alipanda gari lake, akaenda peke yake Naliendele na Kiswahili chake cha matinga, akauliza jamaa wa Chande ni nani. Chande alikuja kujua haya baadaye. Watu walimpeleka barazani kwa Mzee Isihaka, kwa sababu ndiko Chande anakokaa. Bwana Hendriki aliuliza kama Chande ni ndugu yake. Mzee alijibu kwamba ndiyo, ni mkwe wao. Bwana Hendriki alimtazama kifua, akaona mzee bado mpana, akamwomba aje siku ya mgeni kusimama mstarini.

Mzee Isihaka hakuona ajabu yoyote. Kupangwa mstari kumsubiri mgeni mkubwa ilikuwa kazi aliyoizoea tangu enzi za Mjerumani. Aliwahi kusimama kwa ajili ya magavana, kwa ajili ya askofu asiyemhusu, na mara moja kwa ajili ya farasi. Aliuliza tu kama kuna kofia. Akaambiwa ipo, ya ngozi.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa kwa ajili ya mgeni na wataalamu, viti vikapangwa, na watu walijaa pande zote za uwanja. Wa Naliendele walikuja wengi. Saumu alisimama mbele, mtoto wake Mgeni akiwa mgongoni. Wachezaji ishirini na wawili walivalishwa kofia za ngozi zilizoshonwa na fundi viatu wa Chuno, zenye kufunika masikio na nusu ya uso, na fulana zenye namba. Chande hakumtambua mtu. Aliingia mstarini, akainama kama alivyofundishwa, mkono mmoja ardhini, macho kwenye mpira.

Karibu na mpira aliona mguu. Kidole gumba kilikuwa hakina ukucha. Halafu akasikia kikohozi.

Kipenga kililia, watu kumi na tisa wakavaana, vumbi likatimka. Katikati ya vumbi lile Chande alitoka hatua moja pembeni, akachutama, akageuza uso kuelekea baharini. Mzee Isihaka naye, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameyatambua mabega yale yanayomlimia shamba, alishikwa na haya, akageuka kuelekea bara. Aliyebeba mpira alipita kati yao kwa mwendo wa kawaida, akaenda mpaka mwisho wa uwanja, akasimama huko bila kujua afanye nini, maana katika mazoezi hakufundishwa la kufanya akifika.

Watu wa Naliendele walianza kunong'ona kwa kuridhika. Wanawake walipiga vigelegele. Huyo ni mwanamume, walisema, mbele ya Wazungu wote hawa hajasahau mkwe wake.

Bwana Hendriki aliingia uwanjani anachechemea kwa lile goti lake. Omari alimkimbilia, akawaona wale wawili waliopeana mgongo, akashika kichwa. Alieleza kwa haraka na kwa ukamilifu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Bwana Hendriki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mzee huyu ni ndugu wa Chande au si ndugu.

"Ni ndugu, Bwana," Omari alisema. "Tena sana. Ndiyo maana."

Ingewezekana kumwondoa mzee, au kumhamisha Chande upande wa pili. Lakini ujumbe ulikuja kutoka chini ya turubai. Mgeni wa London amependezwa sana na kile kitendo cha wawili wale, anaomba kirudiwe vile vile, na watu wale wale, kwa sababu anatoa kamera. Hakuna mtaalamu wa Shangani ambaye angemkatalia mgeni kitu kinachompendeza, maana siku hizo vilikuwa vichache.

Basi Bwana Hendriki aliinama kando ya Chande. Alitoa ufunguo mfukoni, akaushika mbele ya macho yake, na Omari akatafsiri neno kwa neno, polepole. Huu ndio wa nyumba ya Chuno. Umsukume huyu mzee mara moja tu, uingie ndani leo jioni. Usipomsukuma, kesho urudi kwenye saruji.

Chande aliinama. Alijua kila kitu kinavyofanywa. Mguu wa nyuma usukume ardhi, bega liingie chini ya mbavu, mikono ifungue kifua, na mzee mwembamba wa miguu kama yule angekwenda chini kabla hajajua. Isingemuumiza hata kidogo. Aliinua macho kidogo, akamwona Saumu pembeni ya uwanja. Saumu hakuwa anashangilia na wenzake. Alikuwa anamtazama yeye, midomo imebana, na Chande alielewa vizuri sana anachoombwa. Aliona haya mbele ya mzee na haya mbele ya mkewe, na hakuwa na mahali pa kuzipeleka zote mbili.

Kipenga kikalia. Mguu wa nyuma ukasukuma ardhi. Bega likaenda mbele, na watu wa Naliendele wakavuta pumzi. Lakini kufika shubiri moja kutoka kwenye fulana ya mzee, magoti yenyewe, yaliyofunzwa miaka mitatu kabla Bwana Hendriki hajafika, yakakunjika. Chande alichutama na uso wake ukageukia baharini. Mgeni wa London akapiga picha.

Picha hiyo iliingia kwenye ripoti ya mgeni, ukurasa mzima, chini yake pameandikwa kwamba wenyeji wameonyesha nidhamu ya hali ya juu na kwamba mbinu za mafunzo zinafaa kuigwa. Mradi wa karanga ulifungwa miezi michache baadaye, lakini si kwa sababu ya ukurasa huo. Bwana Hendriki aliurudisha mfukoni ule ufunguo, akampa Chande mkono, na siku ya pili Chande alikuwa na mfuko wa saruji chini ya kila kwapa.

Siku ya tatu, jioni, Mzee Salumu alikuja na ujumbe wa Mzee Isihaka. Alikaa barazani, akanywa maji, akausema taratibu, kwa sababu ulikuwa ujumbe wa heshima. Chande alimsikiliza akiwa ameshika mikono yake miwili, akitumaini kwamba sasa ataruhusiwa kuhama na mke. Mzee Isihaka, alisema mshenga, ameona wakwe wengi maishani mwake. Wako waliokuwa wavivu, wako waliokuwa walevi, na mmoja alikuwa anamtazama machoni. Hajaona kama Chande. Mbele ya serikali, mbele ya ufunguo wa nyumba, kijana amechutama mara mbili. Mtu kama huyo hapatikani.

Chande aliinamisha kichwa akashukuru. Ndani ya nyumba Saumu aliacha alichokuwa anafanya, akaja mlangoni kusikiliza.

"Kwa hiyo," Mzee Salumu aliendelea, "mzee anasema mkwe wa namna hii si wa kuachiwa aende mjini akaharibike. Habari za kuhama ziishe. Hata akipata nyumba, asije kuzungumza. Amekuongezea shamba kule upande wa Ruvuma, mikorosho ekari tatu, uanze kulifyeka kesho. Anasema utakaa hapa naye mpaka Mungu atakapowatenganisha."

Mshenga alipewa mkono, akasindikizwa mpaka njiani, kama adabu inavyotaka. Chande aliporudi alimkuta Saumu bado amesimama mlangoni. Alitaka kumweleza habari za magoti, kwamba si yeye, ni magoti, lakini mkewe alimtangulia.

"Ungemsukuma," Saumu alisema.

Kisha akaingia ndani, kwa sababu wageni wa mjomba wake walikuwa wamefika.